Kasri la Mchunga Ng'ombe

Nilipokuwa nasoma udaktari Sumy, kaskazini-mashariki mwa Ukraine, miaka ile kabla ya vita kubwa, Jumamosi zetu zilikuwa za kufua, kulala na kusonga ugali wa semolina. Siku moja, majani yakipukutika, mwenzangu wa Tanga aliniburuta twende Baturyn. Treni hadi Konotop, kisha marshrutka, ndiyo daladala zao, tukashuka kwenye kimji kimya kando ya mto Seim.

Ukiambiwa pale palikuwa makao makuu ya mahetmani, watawala wa Makosaki, wapiganaji wa Ukraine ya zamani, unaweza kubisha. Mwaka 1708 Hetmani Ivan Mazepa aliungana na mfalme wa Sweden dhidi ya Peter Mkuu wa Urusi. Jeshi la Peter, likiongozwa na jemadari wake Menshikov, likauchoma mji na kuwaua watu wake bila kubagua mwanamke wala mtoto.

Sisi tulifuata kasri. Liko nje kidogo ya mji, jeupe kwa nguzo, refu kuliko chochote ulichokiona njiani. Mlangoni tulikatiwa tiketi na kupewa mifuko ya plastiki ya kuvalisha viatu, kwa hiyo tukaingia kwa adabu, tukiburuza miguu juu ya sakafu ya mbao inayong'aa. Kusema kweli sikuvutiwa. Rangi mbichi, dhahabu mbichi, kila kona imenyooka. Kasri lilikuwa gofu kwa miongo mingi, likafufuliwa enzi za Rais Yushchenko, na kwangu mimi lilinukia fundi zaidi ya historia.

Kwenye chumba kimoja alikaa bibi mlinzi, kilemba cha maua kichwani, anafuma soksi. Tulimwamkia kwa Kiukraini chetu cha kuungaunga. Akaweka sindano chini.

"Wanangu, mnamjua mwenye nyumba?"

Akatusimulia. Kyrylo Rozumovsky alizaliwa kijijini Lemeshi, akachunga ng'ombe wa baba yake. Kaka yake Oleksiy alikuwa na sauti. Ikampeleka kwaya ya ikulu Petersburg, akapendwa na Elizabeth, ambaye baadaye alikuwa malkia wa Urusi. Mdogo mtu akapelekwa kusoma Ujerumani, na mwaka 1746, ana miaka 18, akawa rais wa Chuo cha Sayansi cha Urusi. Mwaka 1750 akawa hetmani, wa mwisho, kwani Malkia Catherine wa Pili aliufuta wadhifa huo 1764. Uzeeni akarudi Baturyn, akamwita Mskoti Charles Cameron amchoree kasri. Kazi ilianza 1799. Mzee akafa Januari 1803, hajalifaidi. Mwanawe Andriy, balozi kule Vienna, ndiye mtunzi Beethoven aliyemtungia zile kwarteti tatu, muziki wa ala nne za nyuzi.

"Na mimi," bibi akasema, akijigonga kifua, "nilichunga mbuzi humu humu. Paa hakuna, miti imeota sebuleni. Mchungaji alijenga, wachungaji tukarithi!" Akacheka mpaka soksi ikaanguka.

Mwenzangu, mpenda magofu kama mimi, akamuuliza kama haikuwa bora wakati ule, kasri likiwa la kweli. Bibi alimtazama kama mtu aliyeuliza swali la kitoto.

"Sasa nina mshahara. Na joto lipo," akasema, akipapasa bomba la kupasha chumba nyuma ya kiti chake. "Mifuko ya viatu mrudishe pale mlangoni, msiondoke nayo."