Siku moja maishani mwangu: ratiba anapanga mbu

Saa 12:30 asubuhi. Chumba cha mbu kina joto la nyuzi 27, na miwani imeshaingia ukungu kabla sijafunga mlango wa pili. Nawapa viluwiluwi chakula chao cha samaki, natoka.

Saa 2. Kulisha. Majike wa Aedes aegypti, hawa wanaoeneza dengi, wamenyimwa maji ya sukari tangu jana. Damu imepashwa moto chini ya utando. Dakika chache tu, matumbo mekundu. Asiyeshiba namtoa, maana bila damu hajazi yai. Muda naandika kwenye kapu lao.

Saa 4. Kundi la jana limepitisha saa 24 tangu mlo. Nawalaza kwenye barafu, namweka mmoja kwenye tone la maji ya chumvi, kisha navuta pingili za mwisho kwa sindano mpaka ovari zichomoke. Mayai yaliyokuwa mang'avu sasa yameziba katikati, mwanga wa darubini haupenyi. Hicho ndicho kiini.

Sehemu kubwa ya kiini hicho yai halikujitengenezea. Protini yake, vitelojenini, hutoka kwenye tishu ya mafuta, ikaelea katika damu ya mbu hadi kwenye yai, ikanaswa na kipokezi chake juu ya utando wa yai. Utando unabonyea na kuimeza. Ndani, asidi inawaachanisha: protini inawekwa akiba, kipokezi kinarudi juu kuchukua nyingine, kama daladala inayogeuza bila kupumzika.

Wanafunzi huniuliza tunajuaje kwamba kipokezi ndicho kinachofanya kazi hiyo. Nawatajia nzi wa matunda, Drosophila: jeni ya kipokezi hicho, yolkless, ikiharibika, protini za kiini zinatengenezwa vizuri tu, ila zinabaki kwenye damu. Jike huyo ni tasa.

Saa 7. Wali maharage.

Saa 9 alasiri. Kundi la asubuhi limetimiza saa 7 tangu mlo, na saa hii ndiyo naipenda. Mwaka 1964 Thomas Roth na Keith Porter walitazama mayai ya mbu huyuhuyu kwa darubini ya elektroni. Saa 7 baada ya mlo, vishimo vya utando vilikuwa vimeongezeka mara 15, hadi 300,000. Ndimo vipokezi hukusanyika. Darubini yangu haivifikii hata kidogo. Nagandisha ovari tu kwa vipimo vya kesho.

Saa 11. Kapu la siku tatu zilizopita nimeliwekea karatasi nyevu, na majike wameanza kutaga. Mayai bado meupe. Kwa foleni ya Dar, yatakuwa meusi kabla sijafika nyumbani.