Herufi za Inchi Moja kwenye Blenheim ya Nakuru

Kazi yangu ya kila siku ni kuandika magari. Lori likiletwa kwenye vibanda vyetu vya jua kali hapa Nakuru, mimi ndiye ninayeandika uzito wake likiwa tupu, jina la mwenyewe ubavuni, na ile 80 KPH nyuma. Nakata stensili kwenye filamu kuukuu ya eksirei, naibana kwenye bodi kwa selotepu, napuliza rangi. Kwa hiyo nilipoanza kuunda modeli ya ndege ya vita kwa kipimo cha 1:72, yaani ndogo mara 72 kuliko ndege halisi, nilidhani maandishi madogo madogo ndiyo yatakayokuwa mepesi. Modeli niliimaliza kwa wiki tatu. Maandishi yalinichukua miezi saba.

Ndege yenyewe ni Bristol Blenheim Mk IV. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia RAF, jeshi la anga la Uingereza, ilikuwa na kikosi cha mafunzo hapa Nakuru, kilichoitwa 70 OTU, na Blenheim ndizo ndege ambazo vijana wale walijifunzia. Kuna wanahewa waliozikwa papa hapa mjini. Nimezaliwa Nakuru, lakini nilikuwa nimevuka miaka thelathini kabla sijalijua jambo hilo, na liliniingia moyoni. Nikataka Blenheim moja ya Nakuru ikae kwenye rafu yangu, na iwe sahihi hadi herufi ya mwisho.

Stika za maji, zile za kulowesha kabla ya kubandika, zilizokuja ndani ya boksi zilikuwa na alama za kutosha, ila mchoro wa maelekezo ulikuwa wa ndege iliyokuwa Uingereza. Nikaona heri nitafute picha za ndege halisi iliyohifadhiwa. Nilizipata nyingi, za rangi, safi, zimepigwa karibu kiasi cha kuhesabu misumari. Nilinakili kila neno, nikachapisha, nikabandika bawa zima la kushoto. Baadaye ndipo nilipogundua kwamba ndege ile haikuundwa Uingereza. Ilikuwa Bolingbroke, yaani Blenheim iliyotengenezwa Kanada na kampuni ya Fairchild. Blenheim nyingi zinazoonekana leo kwenye majumba ya makumbusho ni hizo. Blenheim IV halisi iliyobaki nzima iko Ufini. Tena, ndege iliyohifadhiwa huwa imepakwa rangi upya, pengine zaidi ya mara moja, na maandishi yake ni uamuzi wa fundi aliyeikarabati. Nilizibandua stika zote kwa selotepu, moja baada ya nyingine, na rangi ya bawa ikatoka nazo.

Aliyeninyoosha ni mzee mmoja wa mtaa wetu wa Shabab, fundi mstaafu aliyehudumia ndege kwenye uwanja wa Eastleigh, Nairobi, kwa miaka mingi. Nilimpelekea modeli na rundo la picha. Hakuzitazama picha kwanza. Aliweka kidole kwenye alama ndogo ya W/T niliyokuwa nimeibandika katikati ya bawa.

"Kijana wangu, hii inamwambia nani?"

Nikamjibu sijui, mzee, nimeikuta pichani.

"Basi hujui pa kuiweka. Kila neno kwenye ndege lina msomaji wake. Mjaza mafuta ana lake, mwenye jeki ana lake. Hii ni ya fundi wa simu ya upepo."

Akanieleza taratibu. Blenheim ilikuwa ya bati, lakini vile vibawa vinavyochezacheza nyuma ya mabawa na mkiani vilifunikwa kitambaa. Kitambaa hakipitishi umeme, na bawaba zenye grisi hazipitishi vizuri. Ndege ikipasua hewa hukusanya umeme tuli, na umeme huo usipopata njia huruka cheche, na redio hukwaruza hadi mwenye kusikiliza asisikie kitu. Ndiyo maana sehemu hizo ziliunganishwa na mwili wa ndege kwa chuma au waya, na W/T, kifupi cha wireless telegraphy, yaani simu ya upepo, ikaandikwa kuonyesha kwamba kazi hiyo imefanyika. Kwa hiyo alama hutafutwa pale penye maungio. Katikati ya bawa la bati haikuwa na kazi yoyote. Vilevile LIFT HERE (inua hapa) na TRESTLE HERE (weka kiegemezo hapa), maneno yaliyokuwa kwenye ndege nyingi za Uingereza: yalikaa penye fremu ngumu ndani, kwa sababu ukiinua ndege mahali pengine utaipinda.

Tangu siku hiyo niliacha kutafuta "stensili za Blenheim". Nilitafuta picha za wakati wenyewe, hasa za mkusanyo wa Imperial War Museums, ambako picha rasmi za RAF za Mashariki ya Kati zina nambari zinazoanza na CM. Naziangalia kwenye simu usiku, nikikuza kona moja moja. Hapo kuna jambo linalomponza mgeni. Filamu nyingine za enzi zile hazikuiona rangi nyekundu, ilitoka nyeusi. Manjano nayo ilitoka ya giza, hata lile duara la nje la nembo ya RAF likaonekana kama limepakwa lami. Maana yake neno jekundu juu ya rangi ya udongo hupotea kabisa pichani, na ukiona bawa tupu usikimbilie kusema halikuandikwa kitu. Mimi hutazama kwanza nembo. Manjano ikiwa ya giza, basi ukimya wa picha hiyo kuhusu wekundu siuhesabu.

Kupima nilijifunza mwenyewe, na hili naliamini kuliko mchoro wowote. Nambari ya usajili ubavuni mwa ndege za RAF ilikuwa na kimo cha inchi 8, sawa na milimita 203. Hiyo ndiyo rula yangu. Kwenye picha moja nambari ilikuwa na urefu wa pikseli 62, na neno dogo lililo karibu nayo lilikuwa na pikseli 8. Ukigawanya unapata milimita 26 hivi, yaani inchi moja. Igawe kwa 72, inabaki milimita 0.36. Lazima vyote viwili viwe kwenye ubavu ule ule, visiwe pale mwili unapojikunja, la sivyo hesabu inakudanganya.

Picha hizo zilinionyesha pia kitu ninachokijua vizuri kutoka kazini. Kwenye ndege kadhaa kuna kisanduku cha rangi tofauti kikizunguka nambari. Ndege ilipakwa rangi mpya, na mpakaji akaruka nambari ili asiiandike tena. Mimi hufanya hivyo hivyo kwenye lori mwenyewe akiwa na haraka. Sasa, mtu aliyeiruka nambari kubwa kwa uvivu wa kuiandika upya, je, alirudia maneno ya inchi moja? Mengine ndiyo, kwa sababu fundi aliyahitaji. Mengi yalizikwa chini ya rangi. Ndege ya mafunzo, iliyopigwa jua na vumbi la Bonde la Ufa, sikuona sababu ya kuipamba kama imetoka kiwandani asubuhi ile.

Kuchapisha kulikuwa na shida yake. Karatasi ya stika nililetewa kutoka Nairobi. Printa ya leza ya saiba moja kando ya Kenyatta Avenue ilikuwa ya nukta 600 kwa inchi, na kwa kipimo hicho herufi yangu ilipata nukta 8 tu za kimo. W ikatoka kama doa. Nikatafuta printa ya nukta 1200, na hapo W ikapata miguu yake. Nilichapisha mara nne kwenye karatasi ya kawaida kwanza, kwa sababu karatasi ya stika ni ghali. Modeli nikaipiga vanishi ya kung'aa kabla ya kubandika, la sivyo hewa hunaswa chini ya stika na kuacha ukungu mweupe.

Mwishoni nilibandika alama 11. Boksi lilikuwa na zaidi ya 40. Kwenye kibawa cha mkia cha kulia sikuweka kitu, kwa kuwa sikupata picha hata moja inayokionyesha upande huo.

Jumamosi iliyopita niliipeleka kwa yule mzee wa Shabab. Mzee alivaa miwani, akaomba na lenzi juu yake, akaigeuza ndege polepole hadi kwenye usukani wa mkia. Alikaa hapo kitambo, kidole kikiwa karibu na bawaba bila kuigusa.

"Hapa pameunganishwa," akasema, akamwita mkewe aje aone.