Reli ya bustani Tabora: tuta kwanza, kichwa cha treni baadaye

Reli ya bustani ni njia ya treni ndogo za mfano inayojengwa nje ya nyumba. Reli ya Kati, iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ina upana wa milimita 1,000. Ipunguze mara 22.5, yaani kwa kipimo cha 1:22.5, unapata milimita 44.4, karibu sawa na milimita 45, upana uliozoeleka wa njia za bustani ambao kampuni ya LGB ya Ujerumani iliutumia ilipoanza kuuza treni zake mwaka 1968. Kwa mtu wa Tabora hii ni bahati kubwa, maana treni anayoijua tangu utotoni inaingia bustanini bila kuchakachua vipimo. Kila mita ya kitu halisi inakuwa milimita 44. Mlango wa stesheni wa mita 2 unakuwa milimita 89, na mtu mzima anafika sentimita 7 na nusu.

Anayetaka treni ya SGR, reli mpya yenye njia pana zaidi, ajue mapema kwamba hesabu inabadilika. Njia yake ina milimita 1,435, kwa hiyo juu ya njia ileile ya milimita 45 mabehewa yanaundwa kwa 1:32, yaani yakipunguzwa mara 32. Ukichanganya vipimo hivyo viwili kwenye stesheni moja, jicho linakataa.

Fedha ya kwanza itumike ardhini. Treni nyingi za bustani zinazoacha njia hazina kosa lolote. Kilichozama ni tuta. Kabla ya kuchimba, mwaga ndoo mbili za maji pale unapokusudia kupitisha njia na urudi baada ya saa moja. Maji yakiwa yamesimama, hama. Udongo mweusi wa mbuga usiuguse kabisa, kwa sababu huvimba masika na kupasuka kiangazi, na hakuna kokoto zitakazouzuia. Mchanga mwekundu wa mwinuko unafaa.

Tuchukue njia ya duara refu: kona mbili za nusu duara zenye nusu kipenyo cha mita 1.2, na sehemu mbili zilizonyooka za mita 4 kila moja. Ukijumlisha upana wa tuta inahitaji eneo la mita 6.6 kwa 2.6, bila kuhesabu nafasi ya kupita mtu, na urefu wa njia ni mita 15.5. Kona za sentimita 60 zinauzwa na zinafanya kazi, lakini behewa refu la abiria likipita hapo linaning'inia nje kiasi cha kuchukiza. Mita 1.2 inapendeza zaidi.

Chimba mtaro wa upana wa sentimita 20 na kina cha sentimita 15. Shindilia chini, kisha jaza kokoto za nusu inchi hadi sentimita 10, ambazo ni kama ndoo 16 za lita 20. Juu yake weka sentimita 8 za chenga za kokoto, ndoo 13, na nyingine mbili za akiba kwa sababu chenga hujipenyeza chini. Tuta litabaki sentimita 3 juu ya ardhi, na liwe hivyo. Chenga zichekeche mara mbili: zipite kwenye wavu wa matundu ya milimita 6, halafu zile zinazobaki juu ya wavu wa dirisha ndizo zako. Vumbi linalopita litupe, kwa kuwa likilowa linakuwa tope na kuota majani. Changarawe za mtoni zilizolainika ni nzuri kwa macho, lakini zinateleza kama goroli na njia inahama kila treni inapopita. Jiwe la granaiti lililopondwa, lenye pembe, linang'ang'aniana.

Pale maji yanapokatiza, weka kalvati ya bomba la PVC la inchi 2 na upange mawe pande zote mbili za mdomo. Mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yaliisomba Reli ya Kati yenyewe huko Kilosa. Tuta la sentimita 20 haliwezi kujitetea mbele ya maji ya paa la bati.

Reli za shaba nyeupe za kiwandani ni nzuri, ila kuziagiza ni ghali. Ukiendesha kwa betri huhitaji reli ipitishe umeme, basi fundi wa kuchomelea anakutosha. Nunua flatiba (vyuma bapa) za milimita 12 kwa 3, mita 33 hivi ukihesabu mabaki, na flatiba ya milimita 25 kwa 3, mita 8, ya kukatia mataruma 80 ya sentimita 9, yaani vipande vya kulala chini ya reli. Reli isimame wima, taruma lichomelewe chini yake kila baada ya sentimita 20. Reli ya Kati nayo imelaliwa mataruma ya chuma kwa sehemu kubwa, na mchwa wa Tabora watakueleza sababu.

Hapa umakini unahitajika. Kata vipande viwili vya bamba vyenye upana wa milimita 45 kamili, vibane kati ya reli wakati wa kuchomelea, na usivitoe mpaka chuma kipoe. Donge la kuchomelea likae upande wa nje wa reli. Ukingo wa gurudumu unashuka kama milimita 3 upande wa ndani, ukikuta donge la chuma unapanda juu yake na behewa linaanguka. Choma taruma la mwanzo, kisha la mwisho, kisha la katikati; ukienda kwa mfululizo, joto linapinda kipande chote kama ndizi. Kwa kona, chora tao sakafuni kwa kamba ya mita 1.2, kunja kwa mkono kufuata mstari, na uongeze upana hadi milimita 46. Kwa kila nusu duara, reli ya nje inaizidi ya ndani kwa sentimita 15 hivi, kwa hiyo usizikate sawa.

Tengeneza vipande vya mita 2. Chuma cha mita 2 kikipata nyuzi joto 40 zaidi, kinarefuka karibu milimita 1, na hiyo ndiyo nafasi ya kuacha kwenye kila kiungo ukilaza njia alfajiri. Ukilaza saa nane mchana vipande viguse kidogo tu, maana usiku vitaachana vyenyewe. Usivipigilie ardhini. Vikae huru ndani ya chenga, vikiwa vimepakwa rangi ya kuzuia kutu mikono miwili.

Mwinuko usizidi sentimita 3 kwa mita, na 2 ni bora. Kwa upande wa kushoto na kulia, pima usawa kwa pimamaji kila sentimita 30. Tofauti ya milimita 2 inayotokea ghafla kwenye kiungo inatosha kuangusha behewa, hasa la mwisho ambalo ni jepesi.

Betri: seli nne za lithiamu za ukubwa wa 18650 kwa mfululizo, zinazotoa volti 14.8, na 16.8 zikijaa. Weka saketi ya ulinzi na fyuzi kwenye waya chanya, karibu na betri. Kichwa cha treni kisiachwe juani kikiwa na betri ndani. Ekseli zipe tone moja la mafuta ya cherehani. Mafuta ya kupikia yanagandamana na vumbi la Agosti yakawa gundi.

Majengo yakae juu ya bamba la jiwe, na mbao ziwe za mninga, kiini chake. Oili chafu inafukuza mchwa lakini inaua mimea, na bustani bila mimea haina maana. Duranta iliyokatwa kwa sentimita 20 inasimama kama mti wa mita 4 na nusu.

Mwishoni mwa Oktoba, kabla ya mvua, zibua kalvati zote na uongeze chenga palipopungua. Msimu wa maembe, fagia kila asubuhi. Utomvu na maganda vinanata kwenye magurudumu. Kuku nao huchakura tuta zima kwa nusu saa wakitafuta mchwa, na wavu kuzunguka bustani ni sehemu ya gharama ya ujenzi kama zilivyo kokoto.