Seva mbili, bahari moja

Wadau wa mifumo, naomba tuongee kidogo kuhusu hii feilova, yaani seva moja ikizima nyingine inashika kazi, tunayoiandika kwenye kila andiko la mradi. Klayenti anaambiwa tuna seva Frankfurt na nyingine Cape Town, moja ikilala nyingine inapokea, anafurahi, anasaini. Sawa. Sasa kumbuka Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya za intaneti za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zimekatika siku moja upande wa Afrika Kusini, na kule Bahari ya Shamu kuna nyaya zingine zilishakatika tangu Februari, yaani Tanzania, Kenya, Uganda mpaka Malawi intaneti ikawa ya kubembeleza. Frankfurt ilikuwa hai, Cape Town hai, ila mteja wa Kariakoo anafika kwa shida au hafiki kabisa. Na ile programu inayopima kama seva iko hai kwa wengi wetu nayo inakaa huko huko Ulaya, kwa hiyo yenyewe inaona kila kitu shwari na haihamishi chochote!

Ndo maana mi siku hizi swali langu la kwanza sio seva ziko ngapi, nauliza zinashea nini. Waya? Akaunti? Paswedi ya mtu mmoja ambaye leo yuko kwenye harusi? OVHcloud, kampuni ya kukodisha seva, walipounguliwa pale Strasbourg, Ufaransa, 10 Machi 2021, jengo la SBG2 liliteketea na kuna watu bakapu zao zilikuwa hapo hapo, zikaenda na moto. Ni kama kufungia ufunguo wa akiba ndani ya nyumba. UniSuper wa Australia, mfuko wa pensheni wenye wanachama zaidi ya laki sita, wao walijipanga kabisa wakawa na kopi maeneo mawili, ila Mei 2024 kosa la setingi upande wa Google Cloud, walikokodi seva, likafuta mazingira yao, na taarifa ya pamoja ikasema ufutaji ulipita kote kuwili. Kilichosaidia ni bakapu walizoweka kwa kampuni nyingine.

Kwenye databesi ndo kuna ugomvi wenyewe. Kopi ya pili ikiwa mbali, ukisubiri ithibitishe kila rekodi kabla ya kumjibu mteja app inakuwa nzito, usiposubiri app inakimbia lakini seva kuu ikifa ghafla zile sekunde za mwisho ndo basi tena. Duka la nguo usisubiri. App ya pochi ya hela subiri, hata wakilalamika. Na uombe zisijikute zote mbili zinajiona kuu, kila moja inaandika malipo kivyake, hapo kusuluhisha ni wiki nzima na Excel na simu za wateja wenye hasira, ndo maana unaweka shahidi wa tatu, yaani seva ndogo sehemu ya tatu, anayeamua nani kuu. Halafu kila malipo yapewe namba yake ya kipekee kuanzia kwenye simu ya mteja, maana mtandao ukiyumba mtu anabonyeza "lipa" mara nne na seva iliyopokea zamu lazima ijue ni malipo yale yale.

Bakapu ambayo hujawahi kuirudisha mi siihesabu. GitLab, wale wanaohifadhi kodi za watengeneza programu, 31 Januari 2017, mtu alifuta folda ya databesi kuu, wakakimbilia bakapu wakakuta pg_dump, programu ya kupiga kopi ya databesi, ilikuwa inafeli kimya kimya kwa sababu ya toleo lisiloendana, na barua pepe za kuonya zilikuwa zinakataliwa. Walipona kwa kopi ya masaa sita nyuma iliyopigwa kwa kazi nyingine kabisa.

Habari za kuendesha mfumo mzima kwenye klaudi mbili kwa kampuni ya watu kumi, hapana jamani, mtachoka bure. Bakapu tu iwe kwa kampuni nyingine na akaunti nyingine, na kwa wateja wa hapa nyumbani kuwe na seva hata ndogo Dar yenye mambo ya lazima, pamoja na DNS yake (inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya seva), ili trafiki ipite TIX, kituo cha kubadilishana intaneti ndani ya Tanzania, isiguse bahari.

Na hiyo seva ya akiba iwe imewashwa tayari. Tarehe 20 Oktoba 2025 AWS, klaudi ya Amazon, ya Virginia ilipoyumba, DNS ya DynamoDB, databesi yao, ilirekebishwa mapema lakini kuwasha mashine mpya kuliendelea kusumbua masaa mengi baadaye, kwa hiyo aliyepanga kuunda seva siku ya tukio alikaa foleni na wenzake. Gharama yake iweke kwenye bei ya kila mwezi, klayenti aione kabisa kwenye ankara.