Siku 70 Kabla ya Siku Yake

Kwenye kadi yangu ya kliniki nesi alikuwa ameandika kwa peni ya bluu tarehe ya matarajio: 17 Agosti 2016. Binti yangu alizaliwa Jumatano tarehe 8 Juni, saa kumi alfajiri, kwa upasuaji, siku 70 kabla ya siku yake. Mimba ya wiki 30. Gramu 1,340. Nyumbani nilikuwa sijanunua hata beseni la kumwogeshea.

Tulikuwa tunaishi Iringa mjini, na baridi ya Juni ya Iringa wenyeji wanaijua: upepo unakata masikio, nguo uliyoanika asubuhi unaianua jioni bado mbichi. Wiki mbili kabla ya hapo nilikuwa nimesema kliniki kwamba viatu vimegoma kuingia miguuni na kichwa kinanigonga juu ya macho. Nikajibiwa kwamba miguu kuvimba ni kawaida ya mimba, nikalale nimeiinua juu ya mto. Presha sikupimwa siku hiyo. Sitaki kumsaka mwenye kosa baada ya miaka yote hii, lakini nalisema kwa sababu bado nakutana na wajawazito wanaojibiwa maneno yaleyale. Kichwa kikiuma na macho yakaanza kuona vimulimuli, presha na mkojo vipimwe siku hiyohiyo.

Usiku wa tarehe 6 nilifikishwa hospitali presha ikiwa 170 kwa 110, mkojo una protini nyingi. Daktari aliinama karibu na uso wangu akasema, "Mama, kifafa cha mimba kiko mlangoni." Nikachomwa sindano ya magnesiamu, joto likanipanda mwili mzima kama niliyenyweshwa uji wa moto kwa mkupuo. Kisha zikaanza sindano nyingine, za kukomaza mapafu ya mtoto: nne, moja kila baada ya saa 12. Mapafu ya mtoto wa wiki 30 bado hayana ute wa kutosha wa kuzuia vifuko vya hewa visigandamane kila anapotoa pumzi, na sindano zile huharakisha ute huo. Daktari alitaka nizimalize zote. Presha ikakataa kushuka. Nikapata tatu.

Chumba cha upasuaji nilitega sikio nisikie kilio. Kilichokuja ni mlio mwembamba, kama wa kitoto cha paka kilichofungiwa kabatini, mara moja tu, halafu kimya. Niliona mgongo wa nesi ukitoka mbio mlangoni amebeba kitu kwenye taulo. Nilidhani amekufa na wananificha.

Nilimwona kesho yake mchana, nikisukumwa kwa kiti cha magurudumu hadi wodi ya watoto njiti. Kabla ya mlango kuna sinki, na hapo unanawa hadi viwiko, unavua saa na pete. Ndani kuna joto la jikoni. Sista mmoja mtu mzima, mwenye sauti ya chini, alinipeleka kwenye inkubeta ya pili kutoka dirishani. Mkononi mwa mtoto kulikuwa na kibandiko: "Mtoto wa", kisha jina langu. Bado hakuwa na lake.

Nataka nimweleze alivyokuwa, maana picha za watoto wachanga tulizozoea hazikuandai. Unyayo wake ulikuwa na urefu wa kidole gumba changu kuanzia kwenye fundo. Ngozi nyekundu, nyembamba, mishipa inaonekana. Mabegani na mgongoni alikuwa amejaa malaika, zile nywele laini ambazo mtoto aliyetimiza miezi yake huwa amekwisha kuzipukutisha tumboni. Sikio la kushoto lilikuwa limejikunja kwa mbele na kubaki hivyo; gegedu lake lilikuwa bado halijakaza kulirudisha. Sista akapitisha kidole, akalikunjua taratibu kama mtu anavyofungua ukurasa ulioshikana. Puani alikuwa na mipira miwili iliyounganishwa na chupa ya maji pembeni, na ile chupa ilitokota mapovu saa 24 kama sufuria ya maharage. Nilichukia sauti hiyo siku ya kwanza. Siku ya nne, ilipozimwa akahamishiwa oksijeni ya kawaida, niliikosa.

Ugomvi wangu wa kwanza pale wodini ulikuwa juu ya oksijeni hiyo. Nilimkuta Sista anaipunguza, nikapandisha sauti: "Sista, kwa nini unampunguzia? Si ndiyo inayomweka hai?" Hakukasirika. Akanionyesha kale kamashine kalikofungwa mguuni, kanakosoma oksijeni ya damu, akaniambia inatakiwa icheze kati ya 90 na 95. "Ikizidi, mama, inaharibu macho yake. Njiti anaweza kupofuka kwa hewa aliyopewa kwa huruma." Tangu siku hiyo nilikuwa nazisoma namba zile mwenyewe.

Kazi yangu ilikuwa maziwa. Kila baada ya saa tatu, usiku na mchana, tulijipanga kwenye benchi kina mama saba au wanane, kila mmoja na kikombe chake, tunakamua kwa mkono. Siku ya kwanza nilihangaika nusu saa nikapata matone ya manjano yasiyofunika chini ya kikombe. Nilitaka kuyamwaga kwa aibu. Sista akayadaka: "Hiyo ni dang'a, ni dawa hiyo." Akayavuta kwa bomba la sindano, mililita mbili, akatoa kile kichuma cha kusukumia, akaunganisha bomba na mpira mwembamba uliopita mdomoni hadi tumboni, akaliinua juu kidogo. Maziwa yakashuka yenyewe. Yaliposita, tukajua tumbo bado halijayapokea, tukasubiri. Mtoto wa umri ule hajajua kupanga kunyonya, kumeza na kupumua kwa pamoja. Ujuzi huo huja wiki ya 32 hadi 34. Nilikuwa nasimama na bomba langu mkononi, naangalia mililita mbili zikishuka, na sikuwahi kuona saa inatembea polepole namna ile.

Siku ya tano mzani ukasoma 1,210. Nililia palepale. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba karibu watoto wote wachanga hupungua siku za mwanzo, na njiti hupungua zaidi, na kwamba huenda zikapita wiki mbili ndipo arudie uzito aliozaliwa nao. Ungeniambia mapema ningelia pia, lakini nisingeamini kwamba maziwa yangu ndiyo mabaya. Siku hiyohiyo akawekwa chini ya taa za bluu kwa ajili ya manjano, amefunikwa macho kwa kitambaa, amevaa nepi tu.

Mama mkwe wangu alishuka kutoka Kilolo na chupa ya uji wa ulezi na kikapu cha njegere. Wageni hawaruhusiwi kuingia, kwa hiyo tulikaa nje kwenye kibaraza, upepo unapiga. Nikamwamkia. Akaitikia, akanishika mkono, akauliza miezi mingapi.

"Saba, mama."

"Basi ataishi, mwanangu. Wa miezi saba anaishi. Ingekuwa minane ndiyo ningeogopa."

Imani hiyo nimeisikia tangu utotoni, na si Iringa tu. Haina ukweli: kila wiki anayoongeza tumboni inamwongezea nafasi, na wa miezi minane ana unafuu kuliko wa saba. Nilijua hivyo hata wakati ule, maana Sista alikuwa amekwisha kunieleza. Lakini mama yule alikuwa amepanda basi la vumbi kuja kunipa kitu cha kushikilia, na nilikishikilia. Nilikunywa uji wote.

Siku ya tisa Sista aliniita akasema, "Leo unamvaa." Nikavua blauzi. Akamtoa binti yangu akiwa na nepi, kofia na soksi tu, akamlaza wima katikati ya matiti yangu, kichwa amegeukia upande mmoja, miguu imekunjwa kama ya chura. Kisha akachukua khanga yangu, akaizungusha na kuifunga kwa nguvu hadi nikajiona siwezi kuvuta pumzi. "Ikilegea ataserereka, akiserereka shingo inakunjika, hewa inaziba." Hiyo ndiyo kangaruu. Nilikuja kusoma baadaye kwamba njia hii ilianzia Bogotá, Kolombia, miaka ya 1970 mwishoni, ambako madaktari Edgar Rey na Héctor Martínez walikuwa na watoto wengi kuliko inkubeta, wakaamua kutumia vifua vya akina mama. Siku ile sikujua lolote. Nilichosikia ni kitu kizito kama kilo moja na ushee ya sukari, chenye joto, kinachogonga kifuani kwa kasi mara mbili ya moyo wangu. Baada ya dakika kumi mwendo ukatulia. Na mimi nikatulia, kwa mara ya kwanza tangu usiku wa tarehe 6.

Tulihamishiwa chumba cha kangaruu, vitanda sita. Unalala nusu umekaa, mito mgongoni, mtoto kifuani. Mume wangu alikuwa akija jioni na kumvaa kwa muda wa saa mbili nami nikaoge; mwanzoni wanaume wenzake kibarazani walimshangaa, kisha wawili wakamwomba Sista wafundishwe.

Usiku wa siku ya 11 ndio ninaotaka kuusimulia zaidi, na sijui kama nitaweza. Nilikuwa nimesinzia. Kilichoniamsha ni kukosekana kwa kitu. Kile kitikisiko kidogo tumboni kwangu, pumzi zake, hakikuwapo. Nilichungulia ndani ya khanga. Midomo ilikuwa imegeuka rangi ya zambarau iliyoiva, shingo imelegea. Sikupiga kelele, sauti haikutoka. Mama wa kitanda cha pili ndiye aliyeita, "Sista! Sista!" Akaja bila kukimbia, akaingiza mkono chini ya khanga, akampiga unyayo kwa ncha ya kidole, mara mbili, tatu. Akamsugua mgongo. Mtoto akashtuka, akavuta pumzi moja ndefu yenye kukwaruza, kisha nyingine. Rangi ikarudi kuanzia midomoni.

"Amesahau kupumua," Sista akasema, kama anavyosema amekojoa. "Wanasahau. Ubongo bado mchanga. Ukiona amenyamaza zaidi ya kuhesabu ishirini, mguse mguu." Asubuhi daktari akaongeza dozi ya dawa ya kumkumbusha kupumua, akasema hali hiyo huisha kadiri wanavyokaribia miezi yao. Ilijirudia mara nne wiki ile. Mara ya tatu na ya nne nilimgusa mguu mwenyewe.

Mama yule aliyeniitia Sista, mwanawe alikuwa wa gramu 980. Siku ya 17 tulirudi kutoka kukamua tukakuta kitanda chake kimetandikwa shuka jipya, khanga yake imekunjwa juu ya mto. Aliirudia jioni akiwa na kaka yake. Nilisimama na mwanangu kifuani, nikaona aibu kumkaribia nikiwa hivyo. Yeye ndiye aliyenifuata. Akashika kofia ya binti yangu, akaivuta ifunike masikio, akasema, "Baridi, mama. Mfunike." Akaondoka. Sijawahi kumwona tena.

Binti yangu alirudia uzito wake siku ya 13, na kuanzia hapo tukawa tunahesabu: gramu 20, 25, siku nyingine 30, siku moja hakuongeza hata moja. Alitolewa mpira mdomoni akajifunza kikombe, kisha titi. Jumatatu tarehe 11 Julai, akiwa na 1,840, tukaruhusiwa. Nilitamani kutoka kwa siku 33, na siku ya kutoka nilitetemeka. Nyumbani hakuna Sista.

Tuliziba dirisha kwa blanketi, tukanunua hita. Nililala nimemvaa. Na jambo lililonitisha kuliko yote lilikuwa ukimya wake. Njiti halii njaa. Angelala akapitiliza, akaishiwa nguvu akiwa amelala. Kwa hiyo tuliweka kengele kwenye simu ya mume wangu, kila baada ya saa tatu, tunamwamsha kwa kumvua soksi na kumpangusa nyayo kwa kitambaa chenye unyevu. Anyonye, alale. Kengele tena.

Likizo yangu ya uzazi ilikuwa siku 84, zikahesabiwa kuanzia tarehe 8 Juni, pamoja na zote za wodini. Zilikwisha tarehe 30 Agosti, wakati mwanangu kwa hesabu ya mimba alikuwa na umri wa wiki mbili hivi. Niliomba kazini nyongeza nikakataliwa, nikaacha kazi. Mwaka 2025 sheria ya ajira ilirekebishwa, sasa mama aliyejifungua njiti huongezewa likizo hadi zitimie wiki 40 za mimba. Niliposikia habari hiyo redioni nilikaa chini.

Tarehe 17 Agosti, siku iliyoandikwa kwenye kadi, alikuwa na gramu 2,950. Malaika zilikuwa zimepukutika, sikio lilikuwa limekaza. Usiku ule kengele ilikuwa imewekwa saa tisa. Niliamka gizani nikasikia kelele, nikanyoosha mkono kuizima simu. Simu haikuwa imelia. Ilikuwa saa nane na dakika arobaini. Alikuwa yeye, ngumi juu, mdomo wazi, analia njaa kwa sauti nene iliyomtoa baba yake kitandani.

"Mwache kidogo," nikamwambia. "Mwache alie kidogo, nimsikie."