Kapandeni Bustani: Duka la Familia ya Kithai Los Angeles

Somo: Yeremia 29:4-7

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Katika barua ya Yeremia kwa mateka wa Babeli, wengi wetu huukimbilia mstari wa 11, ule wa mawazo ya amani, na hata kuutundika ukutani. Wiki hii naomba turudi nyuma kidogo, mstari wa 5: "Jengeni nyumba, mkakae ndani yake, kapandeni bustani, mkale matunda yake." Katika sura inayotangulia, nabii wa uongo Hanania alikuwa ameahidi kwamba ndani ya miaka miwili mateka watarejea. Mtu anayengoja miaka miwili hahangaiki kupanda mti. Mungu akawatumia neno tofauti kabisa: ni miaka sabini, kwa hiyo shikeni jembe, leni, oeni, zaeni, na huo mji uliowameza uombeeni amani.

Nimekuwa nikiisoma barua hii sambamba na historia ya Wathai wa Los Angeles, na hasa familia moja iliyokuwa na duka la vyakula kule East Hollywood.

Sheria ya uhamiaji ya Marekani ilibadilishwa mwaka 1965, na mlango uliokuwa umebanwa kwa watu wa Asia ukafunguka. Miaka hiyohiyo ya vita vya Vietnam, Marekani ilikuwa na kambi za kijeshi ndani ya Thailand, hivyo njia kati ya nchi hizo mbili ikazoeleka. Wathai wengi waliofika Los Angeles walikuwa wanafunzi. Walikuja kusoma, wengine wakaoa na kuolewa, wakabaki. Na kila aliyebaki ilimbidi ajiulize atapika nini.

Mchaichai ulikuwa adimu, na majani ya ndimu ya Kithai, yale yanayotia harufu kwenye supu, hayakupatikana. Wapishi wakakwangua maganda ya ndimu za kawaida, wakatumia pilipili za Kimeksiko, na pad thai ikapikwa kwa tomato sosi pale ukwaju ulipokosekana. Sisi tuliolelewa na tui la nazi na ukwaju tunajua ni upungufu wa aina gani huo: unashiba, lakini moyo unabaki na njaa.

Pramorte Tilakamonkul, ambaye naye alifika Marekani miaka ya 1960, alifungua Bangkok Market mwaka 1972 katika barabara ya Melrose. Hilo hutajwa kuwa duka la kwanza la vyakula vya Kithai nchini Marekani. Bidhaa kavu na za makopo zilikuja kwa meli. Mazao mabichi ndiyo yaliyokuwa mtihani, kwa sababu sheria za karantini ya mimea zilizuia mengi yasiingie kutoka Asia, hasa yale ya jamii ya ndimu na machungwa. Kwa hiyo yakatafutwa mashamba karibu, hata Mexico, yalimwe huko. Hapo ndipo nilipouona mstari wa 5 ukitembea. Watu walioko ugenini walipanda bustani, wakala matunda yake, na si wao peke yao waliokula.

Maana migahawa ya Kithai ya mji ule, mingi ikiwa ya familia, mama jikoni, baba kwenye hesabu, watoto wakisaidia baada ya shule, ilikuwa ikinunua hapo. Familia yenyewe ilifungua migahawa pia. Mwana wa Pramorte, Jet Tila, ambaye leo ni mpishi anayejulikana kwenye televisheni za Marekani, alikulia kati ya rafu za duka hilo na jiko la bibi yake mwenye asili ya Kichina. Mwaka 1999 halmashauri ya jiji ikaitambua rasmi sehemu ya Hollywood Boulevard, si mbali na pale, kuwa Thai Town.

Mwaka 2019 Bangkok Market ikafungwa. Ilikuwa imedumu miaka 47.

Huenda mpendwa mmoja akauliza kwa nini tafakari yetu inakaa kwa watu ambao wengi wao ni Wabudha. Namjibu kwa maneno ya Paulo pale Listra, kwa watu ambao hawakuwa wamemjua Mungu aliye hai: "Walakini hakujiacha pasipo ushuhuda, kwa kuwa alitenda mema, akiwapeni mvua kutoka mbinguni, na nyakati za mavuno, akiwashibisha mioyo yenu chakula na furaha." Paulo alitaja chakula na furaha kuwa ushuhuda wa Mungu. Nami sioni kwa nini nione haya kuyatambua hayohayo kwenye duka la mgeni.

Wapo kati yetu wenye ndugu wanaopika katika majiko ya watu Muscat na Dubai, na wenye dada waliofungua vijiduka vya unga na dagaa huko Minnesota. Tunapowaombea, mara nyingi tunaomba warudi salama. Naomba wiki hii tuongeze ombi la mstari wa 7, amani ya mji ule walipo, na tuwapigie simu kuwauliza wamepanda nini.

Tuombe.

Ee Bwana, wakumbuke wazee wanaofunga maduka na migahawa waliyoifungua ujanani katika nchi za watu. Mikono yao imechoka. Wape kuona waliowalisha. Wafadhili watoto wao, walioamua kuendeleza kazi hiyo na walioamua kwenda njia nyingine, wasilaumiane. Na sisi tunaokaa kwetu, utupe kumkaribisha mgeni aliyehamia mtaani mwetu wiki hii, kabla hajatuomba. Katika jina la Yesu, Amina.