Crown ya Baba Mdogo na Hewa ya Tabora

Baba Mdogo aliinunua Toyota Crown yake Dar es Salaam, akaiendesha kule kwa muda, kisha akaileta Tabora. Ilikuwa ile ya zamani ya miaka ya 80, yenye injini ya 1G-GZE: silinda sita za mstari, lita 2, na supachaja, yaani pampu ya kusukumia injini hewa, inayozungushwa kwa mkanda. Kwenye dashibodi kuna taa ya kijani inayowaka supachaja inapoingia kazini, na sisi vijana wa mtaani tulikuwa tukigombea kiti cha mbele ili tuione ikiwaka.

Lakini mwenyewe hakuwa na raha. Gari limelegea, alisema. Dar lilikuwa likiruka, huku linajikongoja. Gereji moja mjini ikamwambia injini imekwisha, atafute nyingine. Alikuwa ameanza kukusanya fedha ndipo nikamshawishi twende kwanza kwa Mzee, mtaa wa Isevya.

Mwaka huo wa 2016 nilikuwa nimemaliza kidato cha sita na nasubiri kwenda chuo, kwa hiyo nilishinda gereji kwa Mzee kila siku. Alikuwa mkereza mstaafu wa karakana ya reli, mtu wa maneno machache, na hakuwa akifungua boliti hata moja kabla ya kupima.

"Shikamoo, Mzee," Baba Mdogo alianza.

"Marahaba. Nani kakwambia injini imekwisha?"

"Fundi mmoja, Mzee."

"Kaipima?"

Baba Mdogo akanitazama mimi. Mzee akaagiza plagi zote zifunguliwe, akachomeka geji ya kompresheni silinda moja baada ya nyingine. Zote sita zilisoma karibu sawa. Injini ilikuwa nzima kabisa, na hapo ndipo lilipozuka swali lililonifanya nilipende gari lile: kama injini ni nzima, nguvu iliyokuwepo Dar imekwenda wapi?

Mzee alinyoosha kidole juu. Tabora iko mita 1,200 hivi kutoka usawa wa bahari. Kule pwani hewa inakandamiza kwa kilopaskali 101. Kwetu ni kama 88. Yaani kila injini inapovuta pumzi hapa, inapata pungufu ya asilimia 13 ya hewa, na bila hewa petroli haiungui. Nikauliza kwani supachaja si kazi yake kusukuma hewa? Akanieleza jambo ambalo tangu siku ile sijalisahau. Tabo, pampu nyingine ya kusukuma hewa, inaendeshwa na moshi wa ekzosi, kwa hiyo hewa ikipungua inaweza kuzunguka kwa kasi zaidi na kufidia. Supachaja imefungwa kwa mkanda kwenye krenki, mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni. Krenki ikizunguka mara moja, nayo inazunguka kwa uwiano uleule, iwe Dar, iwe Tabora. Ikiikuta hewa nyepesi, inasukuma hewa nyepesi.

"Kwa hiyo tuizungushe haraka zaidi," nikasema.

"Kwanza tujue tuko wapi."

Mashine ya kupima nguvu, ile yenye magurudumu ya chuma ambayo gari hupandishwa juu yake, Tabora hatukuwa nayo. Tulikuwa na barabara ya Nzega, ambayo nje ya mji ina kipande kilichonyooka na kulala vizuri. Gari ukilijua uzito, na ukajua limetumia sekunde ngapi kutoka mwendo mmoja hadi mwingine, nguvu unaipata kwa hesabu ya fizikia ya sekondari. Tukalipeleka kwenye mizani ya malori likiwa na Baba Mdogo kwenye usukani na mimi pembeni: kilo 1,640. Hesabu ikatoa kwamba kulitoa kilomita 60 kwa saa hadi 100 kunahitaji kilojuli 405.

Spidomita za magari hudanganya kidogo, kwa hiyo tuliilinganisha na setilaiti ya simu, kisha nikabandika vipande viwili vyembamba vya plasta nyeupe juu ya kioo cha dashibodi, kimoja penye 60 ya kweli, kingine penye 100. Simu nikaifunga kwa mpira nyuma ya usukani irekodi video. Video ina picha 30 kila sekunde. Usiku nilikaa mezani nikizipitisha picha moja moja, kuanzia mshale unapogusa plasta ya kwanza hadi unapogusa ya pili, nikihesabu kwa kalamu. Sidhani kama niliwahi kusoma kitabu chochote cha shule kwa umakini ule.

Tulikuwa tukienda alfajiri, barabara ikiwa tupu, kijana mmoja kila mwisho akiwa na kitambaa chekundu. Gia inawekwa ya pili, Baba Mdogo anakanyaga mafuta mpaka chini, injini inapanda kutoka mizunguko 3,400 hivi hadi 5,600. Kisha tunageuza na kurudia upande wa pili, maana upepo na mteremko usiouona kwa macho huweza kukuharibia hesabu yote. Ukichukua wastani wa kwenda na kurudi, vinafutana. Halafu gari lilifikishwa 100 na kuwekwa nyutro, liteleze lenyewe hadi 60. Ilichukua sekunde 45, na hapo tukajua kwamba upepo na matairi vinakula kilowati 9.

Gari likiwa kama lilivyotoka kiwandani lilitumia sekunde 6.4. Ukijumlisha na ile iliyoliwa na upepo, ni kilowati 72 kwenye matairi, au farasi 98.

Baba Mdogo alihamaki. Toyota wameandika farasi 170! Mzee akamweleza kwa upole kwamba 170 ni kileleni, kwenye injini yenyewe, kwa hewa ya pwani. Yetu ilikuwa wastani wa safari nzima ya mizunguko, baada ya gia za otomatiki kuchukua chao, tena kwa hewa ya Unyamwezi. "Wewe usiishike 98," akasema. "Shika 6.4. Hiyo ndiyo tunayoshindana nayo." Kisha akamfafanulia farasi mmoja ni nini: kilo 75 kuinuliwa mita moja kwa sekunde moja. Baba Mdogo, aliyewahi kubeba magunia utotoni, aliitazama Crown kwa heshima mpya.

Puli mpya, gurudumu linalovuta mkanda, ilikerezwa na Mzee mwenyewe. Supachaja ya injini hii, SC14, husukuma takriban lita 1.4 kila inapozunguka, na injini ya lita 2 humeza lita 1 kwa kila mzunguko wa krenki. Hewa inayozidi ndiyo presha. Mzee alitengeneza puli ya krenki yenye kipenyo kikubwa kuliko ya kiwanda kwa milimita 15, ili supachaja izunguke haraka zaidi. Nilimtazama akiikereza. Chuma kilitoka kwa nyuzi ndefu za buluu zilizojikunja, na kila baada ya muda alisimamisha mashine, akaweka saa ya kupimia pembeni mwa puli na kuizungusha kwa mkono taratibu. Mshale wa saa ukitikisika, anarudia. Puli inayoyumba inakata mkanda na kuua beringi, alisema, na hakuifunga mpaka mshale ulipotulia kabisa.

Geji ya presha ikapanda. Alfajiri tukapata sekunde 6.0, na Baba Mdogo akataka kuchinja mbuzi. Mzee akasema twende tena mchana.

Ilikuwa Oktoba, na anayeijua Tabora anajua jua la Oktoba kabla mvua hazijaanza. Mchana huo gari lilitumia sekunde 6.7. Saa hiyohiyo, likiwa na puli ya kiwanda, lilikuwa limetumia 6.5. Geji ilionyesha presha kubwa kuliko awali, taa ya kijani ilikuwa inawaka, sauti ya supachaja ilikuwa imenoga, na gari lilikuwa zito kuliko tulivyolikuta. Kama tungetegemea masikio na geji, tungesherehekea kitu kisichokuwepo.

Sababu ilikuwa joto. Supachaja ya aina hii haikamui hewa ndani yake. Inaibeba na kuitupa kwenye bomba lililokwisha kujaa, na hapo hewa inachemka. Ukiizungusha zaidi, joto linaongezeka na injini inalipa nguvu zaidi ya kuizungusha. Mzee aliingiza kipimajoto cha waya kwenye bomba baada ya intakula, kile kipozeo cha hewa inayotoka kwenye supachaja. Nje kulikuwa na nyuzi 33. Ndani ya bomba zilisomeka 78. Hewa ya namna hiyo imetanuka, tena inafanya petroli ilipuke kabla ya wakati. Tulipoteremsha vioo tulisikia injini ikigonga, mlio mwembamba kama kokoto ndani ya kopo. Sensa ya kugonga ilikuwa inausikia kabla yetu, na kompyuta ikawa inachelewesha moto wa plagi kuiokoa injini. Nguvu yetu ilipotelea hapo.

Kwa wauza spea chakavu tulipata intakula ya lori, kubwa karibu mara mbili ya ile ya Crown. Kuifunga nyuma ya grili kulituchosha kuliko kitu kingine chochote: mabomba yakatwe, yachomelewe, na mapengo yote ya pembeni yazibwe kwa bati na mpira wa tyubu, kwa sababu upepo ukipata pengo haupiti kwenye intakula. Mzee akapandisha kidogo presha ya mafuta, akaweka plagi za baridi zaidi, akawa anazifungua baada ya kila safari na kuzitazama rangi. Alitaka kahawia hafifu. Nyeupe ingemfanya asimamishe kila kitu.

Joto la bomba likashuka hadi 49. Alfajiri gari likatumia sekunde 5.5, mchana 5.7, na hakukuwa na kugonga.

Nilizipiga hesabu tukiwa bado barabarani, daftari juu ya boneti ya moto. Kilowati 82.6, farasi 112. Nikagawanya kwa zile 98 za mwanzo: nyongeza ya asilimia 14. Nikamwonyesha Mzee. Alikaa na ile karatasi kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea, kisha akamwita Baba Mdogo na kumwambia kwamba gari lake sasa liko Dar. Tulikuwa tumelirudishia karibu kiasi kilekile cha hewa ambacho mwinuko ulikuwa umekichukua.

Baba Mdogo, kama ilivyotarajiwa, akaomba puli kubwa zaidi. Mzee akakataa, na akaongeza sharti ambalo mimi sikuwa nimelifikiria. Puli hii ni ya Tabora. Ukishuka nayo pwani, supachaja itaikuta hewa nzito na kuizidisha kwa kiasi kilekile, presha itapanda kupita tuliyoipima, na injini itagonga hadi pistoni zitoboke. Akaifunga puli ya kiwanda na mkanda wake kwenye kipande cha gunia, akaviweka kwenye buti pamoja na spana zinazohitajika.

Mwezi wa Desemba Baba Mdogo alikwenda Dar kufuata mzigo. Mimi nilikuwa chuoni tayari. Alinipigia simu akiwa Morogoro, kwenye gereji ya pembeni mwa barabara, fundi wa pale akimshangaa mtu anayepunguza nguvu ya gari zima. "Mwambie Mzee nimeshabadilisha," alisema. "Nikirudi naweka ile yetu Dodoma."